Mahali Lilipo Tawi la Posta Ndogo

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Winny Awuor aliingia mtaa wa Posta Ndogo akiwa na kompyuta ya ofisi mkobani na fomu yenye mistari kumi na miwili. Idara ya Maktaba za Mitaa ilikuwa imeamua kila tawi lipate ukurasa wake kwenye mtandao, ili mtu akiandika jina la tawi kwenye simu aone lipo wapi, linafunguliwa saa ngapi na lina vitabu gani. Kabla ya hapo matawi yote yalirundikwa katika ukurasa mmoja wenye picha ya mkurugenzi akikata utepe, na aliyetafuta maktaba alimpata mkurugenzi. Awuor alikuwa amemaliza tawi la Majengo na la Donholm. Wiki hii ilikuwa zamu ya Posta Ndogo.

Mahali alipoelekezwa alikuta ukuta mpya wa mawe, lango la chuma na mlinzi anayekunywa chai. Ndani, mafundi walikuwa wakimwaga zege la kituo cha mafuta. Alimwuliza mlinzi maktaba iko wapi. Mlinzi akamwambia ilihama mwezi uliopita, na kwamba mara ya mwisho kusikia habari zake ilikuwa nyuma ya kinu cha posho, upande wa reli.

Awuor akashukuru akaenda kwenye kinu cha posho. Maktaba ilikuwa pale, mawe yake yale yale ya kijivu na milango yake ya kijani, imekaa kwenye majani na kujivuta kidogo kushoto ili isiguse kamba za nguo za watu. Msingi ulikuwa umening'inia wazi ukiwa na udongo mkavu. Wasomaji walipanda kwa kreti tatu za soda, mmoja mmoja, wakijipangusa viatu kabla ya kuingia.

Msimamizi wa tawi, Bi Nakhumicha, alikuwa amefanya kazi humo miaka ishirini na saba, na mtaa mzima ulimwita Mama Library. Alimpa Awuor kiti, akaendelea kupiga mihuri huku akimsimulia. Alisema mheshimiwa mmoja alijitokeza na hati miliki ya kiwanja, hati changa kuliko mtoto wa chekechea. Halafu Jumanne moja, saa nne asubuhi, tingatinga likaja bila barua wala hodi. Ndani mlikuwa na watu arobaini, wengi wao watahiniwa. Nakhumicha alitoka akamwambia dereva kuna watu ndani. Dereva akasema yeye ametumwa tu.

Hapo ndipo maktaba ilipojiinua. Ilinyanyuka na watu wake wote, ikasubiri lori la maji lipite, ikavuka barabara. Hakuna aliyeumia. Kabati moja la ramani lilianguka, na mtahiniwa mmoja akapoteza kifutio chake.

"Mwenye nguvu mpishe," alisema Nakhumicha. "Na yenyewe ilipisha."

Hilo halikumshangaza Awuor. Jengo nalo huchoka kudharauliwa kama mtu. Kilichomchemsha damu ni barua ya ofisi ya ardhi ambayo Nakhumicha aliitoa kwenye saraka, yenye mihuri miwili na sahihi ya kujipinda. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi wa kina imebainika jengo lilihama kwa hiari yake, hivyo hakuna mgogoro, na kwa kuwa hakuna mgogoro hakuna haja ya kiwanja mbadala. Awuor aliisoma mara mbili. Kwa hiari, tingatinga likiwa mlangoni! Alitamani kuichana, lakini haikuwa yake, akairudisha.

Kisha akafungua kompyuta kujaza fomu. Jina la tawi halikuwa na shida, wala idadi ya vitabu. Mstari wa tatu ulidai mahali. Nakhumicha akamweleza kwamba maktaba haikai pahali pamoja tena. Mtu akiifokea tu, huondoka. Ilikuwa imeshafokewa na mwenye kibanda cha kuoshea magari, na kamati ya kanisa, na kijana mmoja aliyedai anakusanya ada ya ulinzi. Kwa kawaida ilihama saa ya chai. Nakhumicha alikuwa akigonga kengele, wasomaji wanashika meza, na baada ya robo saa wako mtaa wa pili.

Awuor alimpigia simu mkuu wake, Bwana Githinji, aliyesimamia mifumo ya mtandao pale makao makuu. Githinji alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu: hilo tawi huhama ndani ya wadi au huvuka mpaka? Aliposikia halijavuka, alisema basi si tatizo lake. Ila alimkumbusha agizo. Tawi lolote ambalo mwisho wa mwezi halingekuwa na ukurasa unaopatikana, wenye mahali palipojazwa, lingefutwa kwenye orodha, vitabu vigawanywe na msimamizi apewe kazi nyingine. Alisema ofisi haiwezi kutunza kitu kisichotafutika.

Awuor akamfikishia Nakhumicha maneno hayo. Mama huyo akaacha muhuri.

"Ukiandika tulipo, watatupata."

"Wasomaji?"

"Wote, msichana wangu. Mtandao haubagui."

"Nisipoandika, mwezi ukiisha hakuna tawi."

Nakhumicha akawatazama wasomaji. Kabla ya tingatinga walikuwa tisini kwa siku. Sasa walikuwa kumi na tisa, na kati yao alikuwa Irungu, fundi wa vyuma, aliyekuwa ametembea siku tatu na kitabu cha uchomeleaji kwapani akitafuta pa kukirudisha. Watahiniwa wengine walikuwa wamekata tamaa, wanasomea kwenye ngazi za nyumba zao, wakipishana na ndoo za maji.

"Basi andika," alisema.

Awuor akaandika. Kila asubuhi Nakhumicha alimpigia simu, naye akabadilisha mstari wa tatu kwa maneno ya watu wa huko, kwa maana ramani ya simu ilionyesha mtaro tu. Jumanne aliandika: nyuma ya kinu cha posho, vuka mtaro, uliza kwa Shiundu wa viazi. Alhamisi: uwanja wa mpira, goli la upande wa reli, usipige shuti. Ijumaa ya wiki ya pili: kando ya barabara ya soko, baada ya mama wa mahindi wa pili, si wa kwanza. Aliorodhesha pia vitabu, kimoja kimoja, na idadi ya viti, na kwamba choo hakipo kwa sababu kilibaki kiwanjani.

Watu wakaja. Walifika wakiwa wameshika simu mbele yao, wakapanda kreti. Irungu alileta ngazi ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, yenye magurudumu. Kufikia Jumatano ya wiki ya pili walikuwa themanini na wanne. Awuor alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Miaka sita ofisini alikuwa akiandika mambo ambayo hayakumfaa mtu, na hili lilifaa. Jioni alikuwa akiufungua ukurasa wake nyumbani na kuutazama tu.

Ijumaa, askari wa jiji walikuja kufagia wachuuzi barabara ya soko. Walichukua marobota ya mitumba, mikokoteni ya machungwa, jiko la mama wa mahindi wa kwanza na la wa pili, na maktaba. Kwa kuwa wachuuzi walijaa pande zote na ingeweza kumkanyaga mtu, haikukimbia. Ilitulia kabisa wakaifunga minyororo na kuiunganisha na malori mawili. Wasomaji walishuka kwa ngazi ya Irungu, kisha ngazi nayo ikachukuliwa.

Awuor alifika mbio akakuta malori yanawashwa. Sajini aliyeongoza msako, aliyeitwa Phares, alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu ulikuwa ukurasa wa Posta Ndogo.

"Madam, ni wewe umetengeneza hii peji?" alimwuliza. "Ni poa sana. Imetusaidia. Hawa watu huwa tunawazungukia siku nzima hatujui wamesimama wapi."

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa anamshukuru kweli. Awuor angependa zaidi kama angemtukana, maana tusi lina jibu lake. Alisimama pale na mkoba wake akatazama maktaba ikipita polepole mbele ya maduka huku watu wakisogeza viti vyao kuipisha.

Kesi ilisikilizwa Jumatatu. Maktaba ilishtakiwa kwa kuchuuza bila leseni na kuziba njia ya umma. Haikuweza kupita mlangoni, hivyo iliegeshwa nje na Nakhumicha akasimama kizimbani kwa niaba yake. Hakimu alimwuliza inauza nini. Nakhumicha akajibu haiuzi, inaazimisha. Hakimu akaandika hilo, akatafakari kidogo, akasema sheria haikuwaondoa waazimishaji. Akauliza kama mshtakiwa ana kwake.

Awuor alisimama bila kuitwa, akasema kwake ni Posta Ndogo, kuna kituo cha mafuta juu yake. Mwendesha mashtaka akasoma ile barua: jengo lilihama kwa hiari. Hakimu akaagiza maktaba izuiliwe kwenye yadi ya vitu vilivyonaswa hadi atakapopatikana wa kuonyesha kiwanja cha kuirudisha. Kesi nzima ilichukua dakika tisa. Iliyofuata ilikuwa ya mkokoteni.

Yadini iliwekwa kati ya marobota ya mitumba na pikipiki zisizo na namba, mnyororo mmoja kila pembe. Wageni waliruhusiwa Jumamosi, saa nane hadi saa tisa mchana. Wasomaji walipanga foleni nje ya waya, na Nakhumicha, ambaye kwenye daftari la yadi alikuwa ameandikwa pamoja na samani, alipitisha vitabu kwenye tundu la waya baada ya askari kuvikung'uta kuona kama vina kitu. Vikubwa havikupita. Watahiniwa walisoma kamusi kwa mbali, yeye akiwashikia kurasa.

Bwana Githinji alifurahi. Alimwita Awuor ofisini akamwambia tatizo la mstari wa tatu limekwisha, kwa sababu tawi sasa limetulia. Alimtaka ajaze mahali mara moja tu na asibadilishe tena, kwani mabadiliko ya kila siku yaliuchanganya mfumo. Ikishajazwa, tawi litabaki kwenye orodha. Alimpa hadi saa kumi.

Awuor alikaa mbele ya kompyuta akiwa na hasira ambayo hakuwahi kujua anayo. Alimkasirikia mheshimiwa ambaye hajawahi kumwona. Alimkasirikia aliyeandika "kwa hiari", na Githinji na vistari vyake, na Phares na shukrani zake, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, aliyewaonyesha njia kwa lugha nzuri. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu alikuwa amenyongwa, na haki yake imejengewa pampu.

Akaandika kwenye mstari wa tatu namba ya kiwanja cha Posta Ndogo, mtaa, na upande wa barabara. Hakuongeza neno. Mfumo ukaweka alama ya kijani. Githinji alipoona kijani aliidhinisha bila kusoma.

Kituo cha mafuta kilifunguliwa wiki hiyo, kikiwa na pampu nne na duka la mikate. Na wasomaji wakaanza kufika. Walikuja na simu zao, wengine kutoka mbali kama Njiru, kwa sababu ukurasa sasa ulikuwa wa kwanza kujitokeza, wakasimama kati ya pampu wakiuliza zilipo rafu za historia. Wahudumu waliwaambia hapa ni mafuta. Wasomaji wakaonyesha simu. Wengine waliketi chini kwenye ukingo wa saruji wakasubiri ifunguliwe, na magari yakakosa pa kupita. Wiki ya kwanza walikuwa kumi, ya pili mia moja na zaidi. Hawakufanya fujo. Waliketi tu, kama watu wenye haki ya kuketi.

Wiki ya tatu, meneja alimleta mchoraji wa mabango, na kwenye ukuta wa mbele pakaandikwa kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mtu: HAPA SI MAKTABA. USIULIZE.

Jumamosi Awuor alikwenda yadini. Alisimama kwenye foleni, na zamu yake ilipofika hakuomba kitabu.

"Wameandika ukutani, mama. 'Hapa si maktaba.'"

Nakhumicha aliegemea waya. "Wameandika wenyewe?"

"Wenyewe. Kwa rangi ya mafuta."

"Kubwa?"

"Inasomeka hadi ng'ambo ya barabara."

Nyuma ya Nakhumicha maktaba ilijaribu mnyororo wa pembe ya kulia, kisha ikaacha.

"Hakuna mtu anayeandika hivyo mahali ambapo maktaba haikuwepo," alisema. "Wanajua."

"Wanajua."

"Hata siku ile walijua. Wakalituma tingatinga wakijua."

"Ndiyo, mama."

Saa tisa kamili askari alipiga filimbi. Irungu, aliyekuwa amebakiza kurasa mbili, alikirudisha kitabu kupitia waya, na Nakhumicha akakipiga muhuri wa tarehe. Kule Posta Ndogo, mahali palipokuwa na rafu za watoto, gari jeupe lilikuwa likijazwa mafuta.