Namba ya Mama

Kocha alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ukinyanyua chuma, ukakirudisha chini, hata pumzi hujavuta, anakuja na daftari lake: "Ngapi?" Sifuri ni kukaa kitini. Kumi ni huwezi tena hata ukichapwa. Namba ikiwa ndogo anaongeza uzito, ikiwa kubwa anapunguza. Ndiyo ilikuwa sheria ya jimu yake, na mimi sina subira na watu wa kuulizauliza.

Nilikuwa nasema tano. Siku zote tano.

Wala sikuwa namdanganya. Tangu nilipomwangusha Mama bafuni, mwili wangu ulikufa ganzi. Nilikula bila kuonja. Kule kwa dobi ninakofanya kazi nilipiga pasi mashati kutwa nzima bila kujua ni mangapi. Chuma kikipanda nilikiona kinapanda, basi. Kocha akaongeza, nami nikanyanyua.

Aliyenifikisha pale ni dada yangu mkubwa. Mama alipooza upande wa kulia, na miaka mitatu nilimhudumia peke yangu. Baada ya ile siku ya bafuni, Dada alikuja na maneno mafupi.

"Nakupa miezi mitatu. Ukiweza kumtoa kitandani ukamkalisha kitini mara tatu, mimi nikiona, anabaki kwako. Ukishindwa, namchukua. Kwangu tuko wanne, atanyanyuliwa na wawili."

"Sawa," nikasema. Dada yangu angekuwa hakimu, mashahidi wangebaki nyumbani kwao. Ila Mama akiondoka, mimi ningebaki na nani?

Zile namba nilimfundisha Mama ili acheke. Maneno yake yalikuwa yamebaki machache, lakini swali la Kocha alilishika upesi. Nikimketisha tu, ananiuliza, "Ngapi?" Namjibu tano. Ananitazama kwa jicho la kushuku, maana mtu aliyekuzaa humpigi changa la macho.

Wiki ya kumi Kocha alifunga daftari. "Miguu inatetemeka, midomo imekauka, unasema tano. Niandike nini?"

"Andika nilichosema."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Hicho nacho kina namba?"

Akacheka shingo upande, akalifungua tena, akaandika tano.

Miezi mitatu ilipotimia, Jumamosi, Dada alikuja na begi tupu. Lile begi lilinikera kuliko maneno yake yote. Nikapiga moyo konde, nikainama, nikamkumbatia Mama kifua kwa kifua, nikamnyanyua, nikamgeuza, akakaa kitini. Nikamrudisha kitandani, nikarudia. Dada ameegemea mlango. Mara ya tatu Mama akakaa salama, na mimi nikawa nimeshinda. Sikusikia chochote.

"Ngapi?" Mama akauliza.

"Tano."

Sijui kwa nini siku hiyo nilimwuliza na yeye. Miezi mitatu yote sikuwahi. "Na wewe, Mama?"

Akafungua mkono wake mzima, vidole vitano. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Kumi?" Dada akauliza. "Leo tu?"

"Kila siku," Mama akasema. Halafu akatazama chini, sakafuni.

Nilielewa hapo hapo, na niliona aibu. Miezi mitatu nahesabu nguvu zangu, na kila nikimnyanyua yeye anauma meno akisubiri kuanguka. Alijikaza kisabuni kwa ajili yangu.

Dada alianza kukunja begi lake. "Nilitoa ahadi," alisema. "Anabaki."

Nikamnyang'anya lile begi. Nikatoa nguo za Mama kabatini, nikazipiga pasi zote, hata soksi, nikazipanga humo. Hakuna aliyenizuia. Mama alikuwa ananitazama, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Jumatatu, Mama akiwa tayari kwa Dada, miguu ilinipeleka jimu, kwa mazoea tu. Kocha akanipa chuma kitupu cha kupasha mwili moto, kile ambacho hata mgonjwa anakimudu. Nikakinyanyua mara moja.

"Ngapi?"

"Kumi," nikasema.

Hakuandika. Aliweka daftari chini, akakipokea chuma mikononi mwangu.