Miti Iliyohamia Gatini

Asubuhi ya Jumanne wageni wanane waliteremka kwenye boti, wakaketi kwenye benchi la gatini kuvaa mabuti ya mpira. Kijiji kilikuwa na sheria yake: wageni wasizidi wanane kwa safari, wapokewe na familia kwa zamu, na waongozwe na mtu wa hapo hapo. Mwongozaji alikuwa mjane mmoja mrefu aliyeitwa Hatua, kwa kuwa hakuwa na ramani wala saa na msitu wote aliupima kwa miguu. Kutoka gatini hadi mti mkubwa wa kwanza zilikuwa hatua mia tatu na kumi na mbili. Siku hiyo, hatua ya tisini, paji la uso wake liligonga gome.

Mti ulikuwa umesimama katikati ya njia, mnene wa kukumbatiwa na watu wanne, mizizi yake ikiwa na tope bichi. Hatua aliuomba radhi, akauzunguka, na wageni wakamfuata.

Jioni alianza kuulizauliza. Wa kwanza kumshuku alikuwa mpishi, maana alishazoea kulalamika kwamba wageni wanachelewa na chakula kinapoa. Pengine ameipindisha njia iwe fupi. Mpishi aliapa hajaigusa, akasema wa kuulizwa ni nahodha. Nahodha naye alieleza, huku akifuta plagi ya injini, kwamba tangu Ijumaa anaiona miti ikivuka mto penye maji machache, imeinua mizizi kama mama anayeshika gauni lisilowe. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mpaka wiki inaisha ilikuwa imefika miti arobaini na mmoja. Mmoja ulisimama golini. Miwili ilikaa kati ya jiko na stoo, mpishi akafunga hapo kamba ya kuanikia nguo. Ilikuja mchana kweupe, polepole, kama watu waliobeba mgonjwa, ndege wakiwa matawini. Watu walinung'unikia majani yaliyojaa kwenye mapipa ya maji.

Kitu kimoja kilimsumbua Hatua. Hakuna mti uliotoka upande wa chini. Yote ilitoka juu ya kona ya mto, upande ambao kamati ya kijiji iliufunga miezi mitatu nyuma ikisema kuna viboko wanaonyonyesha. Alijiuliza ni viboko gani hao ambao nyayo zao hazijaonekana popote kwenye tope. Alijiuliza, akaendelea kuongoza wageni.

Jumapili, akifagia majani, aliona namba kwenye shina, usawa wa kifua, kwa rangi nyekundu: 47. Mti wa pili ulikuwa na 71. Kila tarakimu ya saba ilikatwa mstari tumboni, na chini ilikuwa na kijimkia kilichojikunja. Aliacha ufagio, akaenda nyumba ya wageni, akautazama mlango wa chumba namba saba. Kisha akapita makaburini, akautazama mwaka ulioandikwa kwenye kaburi la mumewe. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mdogo wa huyo marehemu, na namba zote za kijijini aliandika yeye, kwa kuwa ndiye mwenye mkono mzuri.

Alimkuta barazani kwake anakunywa chai.

"Shemeji, umeandika nini kwenye miti?"

Mwenyekiti alikoroga. "Namba. Miti lazima ihesabiwe. Kuna watu wanafanya utafiti."

"Watu gani?"

"Watafiti."

"Saba zako nazijua, shemeji. Nimetoka kuiona moja kwa kaka yako."

Hakukasirika. Aliuliza tu nani amemtuma, kama ni mpishi au ni nahodha, na kama anakumbuka nani alimtetea apewe kazi ya kuongoza wageni wakati wanawake wengine waliitaka. Halafu alivuta kiti chake nyuma, kwa sababu mti ulikuwa unapita. Walisubiri. Ulikuwa mvule wa umri mkubwa, ukapita baina yao na ukuta bila kugusa kikombe. Shina lake lilikuwa na namba 77.

Mwenyekiti aliusindikiza kwa macho. "Huu nilijua umeshapakiwa na wanunuzi," alisema, kisha akanywa chai.

Mkutano ukaitishwa kesho yake. Hatua alisimama, akasema yote aliyoyaona na aliyoyasikia, pamoja na hilo neno la mwisho. Walimsikiliza vizuri. Ila hakuna aliyemtazama mwenyekiti. Walitazamana wao kwa wao, kila mmoja akitaka kujua mwenzake alijua tangu lini. Nahodha aliinamia mikono yake iliyokuwa inanuka mafuta ya injini yake mpya. Mpishi alijifanya anamfunga mjukuu vifungo. Shule ilikuwa na paa jipya. Hatua alipokuwa bado amesimama alikumbuka tangi la maji lililoletwa kwake mwezi uliopita, zawadi ya marafiki wa kijiji, na kwamba hakuuliza marafiki hao ni akina nani. Akakaa.

Mwenyekiti alipendekeza miti ikaribishwe na ipewe nafasi, na matembezi yafupishwe, maana wageni wengi ni watu wazima. Namba zipakwe udongo. Wageni hawapendi kuona namba msituni. Viboko bado wananyonyesha. Mikono ikanyooshwa. Hatua, kwa kuwa ndiye aliyeijua kila njia, alipewa brashi.

Kundi lililofuata lilifurahi sana. Walisema hawajawahi kuona msitu unaoanzia mlangoni. Rangi nyekundu ilikuwa haikauki, miti mingine ikiitoa upya kila asubuhi, hivyo Hatua alikuwa akiamka mapema kuifunika kabla ya chai. Mgeni mmoja, mzee mwenye fimbo, aliegemea mvule apumzike. Alipoondoa mkono, kiganja kilikuwa chekundu. Akauliza ni nini.

Hatua alitazama nyuma. Mwenyekiti alikuwa amesimama gatini, anawatazama.

"Utomvu," alisema, akampa kitambaa. "Miti ya huku ndivyo ilivyo."

Mvule ulijisogeza pembeni kuwapisha. Wageni walipita mmoja mmoja, na nyuma ya kona ya mto msumeno wa mashine ukawashwa.