Chupa Nilizozigandisha

Mdogo wangu wa kike tunamwita Profesa tangu darasa la tatu, na uprofesa ukaja kumkuta kweli. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa fundi friji. Ndivyo nilivyopata kazi ya kutunza majokofu ya maabara yake, na ndivyo nilivyomharibia.

Mwanawe ana ugonjwa wa misuli wa kurithi, ule ule uliomuua kaka yetu. Profesa alinieleza mara nyingi: jeni moja ni mbovu, inatakiwa apelekewe nzima. Wenzake hupakia jeni ndani ya virusi, lakini hii ni ndefu, virusi haviwezi kuibeba yote, na mwili ukishavijua hauvikubali mara ya pili. Yeye akaifunga kwenye vitone vya mafuta, vidogo hata darubini ya kawaida haivioni. Nilimtania kwamba amesoma miaka ishirini aje kukaanga. Alicheka sana.

Jumapili moja mchana friji ya chupa za dawa ile ilizima. Nilikuwa zamu peke yangu, na simu yake haikupatikana. Nikahamishia chupa kwenye friza, nikijiona mjanja, maana kwa fundi friji baridi zaidi ni usalama zaidi. Kwenye mlango wa friji palikuwa na karatasi iliyoandikwa USIGANDISHE. Niliipita kila siku kwa miaka minne, nikawa siioni tena.

Nilipomaliza matengenezo, chupa zilikuwa barafu. Zilipoyeyuka, weupe ulikuwa umejitenga na maji. Nikazitikisa mpaka zikafanana na jana, nikazirudisha, nikanyamaza.

Dawa ile ilichukua miezi minane kutengeneza. Panya walichomwa sindano yake, na misuli yao haikubadilika hata kidogo. Profesa alipima, akapima tena, kisha akasema mchanganyiko haufai, atafute mwingine. Nilikuwa nimesimama pale pale, bisibisi mkononi. Nikamwambia pole.

Mwaka ukapita. Mchanganyiko mpya ukakwama. Mtoto, ambaye alikuwa anakula mwenyewe, mikono ikamwisha nguvu, akaanza kulishwa.

Nilimwambia Profesa ukweli mwezi uliopita, jikoni kwake, akiosha sahani. Alifunga bomba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka. Swali lake lilikuwa moja.

"Ulizitikisa?"

"Nilizitikisa."

"Ungezimwaga tu, kaka. Ningejua sina dawa. Wewe umeniacha niamini dawa yangu haifai."

 Kesho yake alifungua daftari la zamani akaanza upya mchanganyiko wa kwanza. Hajui kama utafanya kazi. Hakuna ajuaye, ndiyo hasara yenyewe. Miezi minane tena kabla ya panya, na baada ya panya safari bado ni ndefu.

Kazini hakunifukuza. Aliniambia jambo moja tu: mtoto nimwambie mwenyewe.

Kwa hiyo kila mchana naenda kumlisha. Jana nilijaza kijiko, akanitazama.

"Mjomba, unalisha mtu au unajaza gunia?"

Nikapunguza. Akatafuna taratibu, akimeza kwa shida, akisubiri nimwekee kingine. Wiki tatu sasa nafungua mdomo nimwambie, halafu namuuliza kama chumvi imekolea.