Viunza vya Bi Mwanaasha

Alasiri, Faraji alikuwa anapiga msasa mguu wa taa ya mezani pale karakanani kwake Tandika, shangazi yake Bi Mwanaasha akaingia, akakung'uta mchanga kwenye ushungi, akakalia stuli ambayo vanishi yake haijakauka. Alikuwa amezikwa Ijumaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mchanga unaniingia machoni."

Badru wa duka la misumari naye akamwamkia, akamletea chai ya tangawizi.

Bi Mwanaasha ndiye aliyemlea Faraji tangu hajui kufunga kifungo. Uvunguni mwa kitanda chake alihifadhi sanda na viunza, zile mbao za kumfunikia kaburini. Za mkongo, maana mkongo mchwa hawauwezi. "Wenzangu wanawekaga akiba benki," alikuwa akisema, "mie naweka paa." Akamkabidhi Faraji azirande. Zikang'aa kama halua, na mteja wa Kawe, Madam Apolonia, alikuwa anataka taa ndefu ya sebuleni upesi. Siku ya mazishi shangazi akafunikwa kwa mbao za masanduku ya vigae. Kaburini hakuna mkaguzi, Faraji alijiambia.

"Mchwa hao," akasema Bi Mwanaasha. "Hawana adabu, wametoboa hadi mkongo! Wewe usijilaumu, baba. Ulinifanyia kazi ya kiungwana."

Faraji akainama kutafuta msumari ambao haukuanguka.

Mara Madam Apolonia akashuka kwenye gari. "Shikamoo bibi, pole na mchanga. Fundi, nataka nyingine kama ile!" Akampa bibi simu aone picha.

Bi Mwanaasha akaitazama sana. Kwenye kitako cha taa palikuwa na doa jeusi, la marashi aliyoyamwaga mwenyewe uvunguni mwaka ule wa harusi ya Zubeda. Akaligusa doa kwa kidole.

"Nzuri," akasema. "Inawaka?"

"Sebule nzima, bibi!"

"Afadhali."

Habari za mchwa hakuzitaja tena. Faraji akavua miwani yake ya kukatia mbao, akamvisha shangazi, akamkazia mkanda nyuma ya ushungi, taratibu. Taa ya pili akaianza jioni ileile.

Kesho yake alasiri Bi Mwanaasha akarudi na miwani usoni, imemkaa vizuri.

"Macho yamepona, mwanangu," akasema, akatema mchanga kiganjani. "Sasa bado mdomo."

Faraji akachukua ufagio.