Cherehani Isiyofutika

Mtaa mzima ulimwita Brashi, na hata mama yake mzazi alikuwa karibu kulisahau jina alilompa. Miaka ishirini alikuwa akiandika mabango: ya maduka, ya saluni, ya gereji, hata lile la "Usikojoe hapa" ambalo kila mtu alilidharau. Mkono wake haukuwa na mchezo. Lakini wiki hiyo macho yake hayakutulia kwenye kazi, na sababu ilikuwa mawingu.

Mvua haikuwa na adabu tena. Zamani watu waliujua mwezi wake. Sasa ilikuja ilipojisikia. Mara mbili katika miaka mitatu mto ulikuwa umeingia nyumbani kwa mama yake, kule bondeni, na mara ya pili maji yalifika juu ya meza ya cherehani. Mama alipanda juu ya kabati akaketi huko kutwa nzima, kisha akashuka, akazoa tope, akaendelea kushona sare za shule. Habari ya kuhama hakutaka hata kuisikia.

"Nihamie wapi? Kwenye chumba chako kinachonuka tapentaini?"

Kwa hiyo Sista, muuguzi mkuu wa zahanati ya kilimani, alipomwomba achore ukuta wa mbele, kitu cha kuwaamsha watu kuhusu hali ya hewa inayoharibika, Brashi hakuchora mti wala dunia inayolia machozi. Alichora cherehani. Nyeusi, peke yake, imezama hadi kwenye gurudumu, na uzi wake ukitambaa juu ya maji bila nguo ya kushona. Kila mtu wa bondeni aliyepita aliijua ni ya nani. Ndivyo Brashi alivyotaka.

Habari zilimfikia mama siku hiyohiyo. Alipanda kilima kwa hasira, tepu ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Unaniombea nife?"

"Naomba uhame."

"Kwa kunianika ukutani kama tangazo la msiba? Watu wananipa pole njiani, na mimi huyu hapa, mzima, natembea kwa miguu yangu! Ifute. Keshokutwa asubuhi nikija nisiione."

Brashi alinywea. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, lakini mbele ya mama yake alibaki yule mtoto aliyemwaga uji. Akachukua rangi nyeupe akaipaka juu ya cherehani, na hapo ndipo ufundi wake ulipomwaibisha. Fundi wa kupaka nyumba angetumia rangi ya maji, ile ya ukuta, tangu mwanzo. Yeye, kwa mazoea ya mabango, alikuwa ametumia ile nzito ya mafuta inayotengenezwa kupigana na jua na mvua. Nyeupe ya ukuta ilikataa kushika juu yake. Ilipokauka ikabanduka vipande vipande, na gurudumu likachungulia. Akapaka tena. Likachungulia tena. Sista akatoka nje, mikono kiunoni.

"Fundi, mbona inazidi kutisha?"

"Nipe muda, Sista."

Muda wenyewe ulikuwa wapi? Huko milimani mawingu yalikuwa yameshikana tangu jana yake, na kila baada ya kuchovya brashi aligeuka kuyatazama. Alitamani atupe kopo, akimbie bondeni, ambebe mama yake mgongoni, apige kelele asipige.

Njia iliyobaki ilikuwa kuifunika ile nyeusi kwa rangi nyingine ya mafuta iliyokolea. Alikuwa na buluu nzito tu, nusu kopo. Lakini achore nini cha buluu? Akajitazama. Akaivua ovaroli yake ya buluu, akaitundika kwenye dirisha, akakwangua nyeupe iliyobanduka, akaichora ovaroli hiyo palepale juu ya cherehani: mikono imetanda, miguu inaelea, na mfuko wa kifuani wenye mshono wa mara tatu, ambao mama huwashonea watu wake tu. Maana hakuiwaza. Alikuwa anaziba kosa.

Mama alikuja siku aliyoahidi, uso ameukaza, tayari kwa vita. Aliitafuta cherehani, hakuiona. Kisha akasogea hadi pua ikakaribia kugusa ukuta, akaweka kidole kwenye ule mfuko, akaufuata mshono wake mwenyewe taratibu mpaka mwisho.

"Aliyeivaa yuko wapi?"

Brashi alitaka kumweleza habari ya rangi ya mafuta. Badala yake ukweli ulimtoka wote kwa pamoja.

"Si nitakuja kukutoa, mama? Maji yakija unadhani nitafanyaje? Nitakaa huku juu nikuangalie? Nitakuja."

"Hujui kuogelea."

"Sijui."

Mama aliondoa kidole. Kilikuwa na buluu, akakipangusa kwenye gauni lake bila kuangalia, yeye ambaye hakuvumilia hata doa la chaki.

"Bondeni hushuki tena," alisema. "Nitashuka mwenyewe, nichukue vitu vyangu, nirudi."

"Mama..."

"Nimesema hushuki!"

Akageuka, akateremka kilima karibu akimbie. Brashi alimwacha atangulie hatua kumi, kisha akamfuata, maana cherehani ile hubebwa na watu wawili.