Swali la Kambale na Ndugu Yake

Jumamosi ile asubuhi, mwalimu Sadrack alimsimamisha Eliane kwenye mlango wa ukumbi wa shule akamwambia neno moja tu: leo usinyamaze.

Mgeni alikuwa anatoka Beni kuja kuwafundisha hesabu wanafunzi hodari wa Butembo. Mwisho wa somo angemchagua mmoja wao akasome naye Beni likizo nzima. Kiti kilikuwa kimoja. Eliane alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, lakini kumwambia Eliane aseme mbele ya watu ni kama kumwambia kuku aogelee.

"Ukinyamaza," Sadrack alisema, "kiti kinaenda kwa Gamaliel."

Gamaliel alikuwa mtoto wa muuzaji wa vipuri vya pikipiki, na hakuwa amenyamaza tangu azaliwe.

Mgeni aliitwa Profesa Shafii. Alikuwa mtu wa Kisangani, mgeni hata huko Beni, na alikuja na shati la mikono mifupi kana kwamba Butembo nako kuna joto. Mchungaji aliomba. Prefe, mkuu wa shule, alikaribisha. Mjumbe wa wazazi alieleza kwamba yote yamekwisha kusemwa, kisha akayasema tena. Walipomaliza, Profesa alikuwa anatetemeka kwa baridi, na ilimpasa kurudi Beni kabla giza halijamkuta njiani. Kwa hiyo somo zima likawa swali moja. Aliliandika ubaoni:

Familia ina watoto wawili. Mmoja anaitwa Kambale. Kuna uwezekano gani kwamba yule mwingine ni mvulana?

"Mwenye jibu ambalo hakuna mutu ataliangusha, huyo ndiye nitamuchukua," alisema.

Kitabuni alikolitoa swali, mtoto huyo alikuwa mvulana tu, hana jina. Profesa alimwita Kambale ili kuwapendeza wenyeji. Jibu la kitabu lilikuwa theluthi moja.

Ukumbi mzima ulilicheka swali. Gamaliel alikuwa amekwisha kusimama.

"Profesa, pale hakuna hesabu. Ni mwanaume. Hakika."

"Hakika kwa nini?"

"Kwetu Banande, Kambale ni mutoto mwanaume wa pili. Kwanza anakuja Paluku, ao Mumbere. Donc, kama batoto ni babili na mumoja ni Kambale, ule mwingine atakuwa nini? Mbuzi?"

Profesa aliutazama ubao kama mtu aliyeleta zawadi ya chumvi kwa watu wa ziwa la chumvi.

"Sawa," alisema. "Hakika. Kuna mutu wa kuangusha?"

Mkono mmoja uliinuka. Eliane aliuona, akatambua ni wake.

"Kwetu tuko babili," aliliambia dawati. "Mudogo wangu anaitwa Kambale. Ule mwingine ni miye."

"Papa yako hajue kuhesabu!" mmoja alisema kutoka nyuma.

"Ao weye ni mwanaume?" akaongeza Gamaliel.

Eliane alingoja kicheko kipite, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Kulikuwa Paluku. Alikufa mbele miye nizaliwe. Alienda na jina yake. Ndiyo maana mudogo alipokuja, akaitwa Kambale."

Profesa aliacha kutetemeka. Sadrack, aliyekuwa amesimama nyuma ya prefe, alianza kutabasamu.

"Mais, Profesa," Gamaliel alisema, "kama Paluku alizaliwa, kwao batoto ni batatu. Swali inasema babili. Hapo yeye haingie."

Profesa alifikiri, akaona ni kweli, akamgeukia Eliane.

"Kwenu muko batoto bangapi?"

Lilikuwa jibu rahisi. Aseme babili, kiti ni chake. Papa ndivyo alivyosema siku zote, kanisani na kwa wageni: babili. Mama, akiulizwa mbele ya Papa, alinyamaza. Akiulizwa peke yake alisema batatu. Siku moja kwenye kituo cha afya nesi alichungulia nyuma ya mama, akimtafuta huyo wa tatu. Mama alimwambia asijisumbue, yupo. Papa alipopata habari ile hakula jioni.

Nyuma ya mgongo wa prefe, mwalimu Sadrack aliinua vidole viwili.

"Batatu," Eliane alisema.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Profesa."

"Basi umeangusha jibu yako weye mwenyewe."

"Ndiyo, Profesa."

Sadrack alivirudisha vidole mfukoni. Profesa aliandika jina la Gamaliel. Kisha akarudi ubaoni, na baada ya "watoto wawili" akaongeza "walio hai".

"Sasa sijue tena jibu," alisema, akaondoka kwa pikipiki, amevaa koti la prefe.

Hivyo Gamaliel alipata kiti kwa swali ambalo halikuwepo tena.

Nyumbani, mama alikuwa anasonga bugali.

"Ulipata?"

"Hapana. Gamaliel."

"Walikuuliza nini?"

"Kama tuko bangapi."

Mwiko ulisimama. Papa alikuwa mlangoni anavua buti za shamba. Naye alisimama, na buti moja mkononi.

"Ukasema?" mama aliuliza.

"Batatu."

Mama aliendelea kusonga.

Walipoketi kula, kulikuwa na maharagi, na samaki mmoja wa kugawana. Katika nyumba ile kichwa cha samaki ni cha Papa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mama alikitoa kichwa sufuriani, akakiweka kwenye sahani ya Eliane.

Papa aliitazama sahani ile. Kambale alifungua mdomo kuuliza.

"Kula," Papa alimwambia, akajichotea maharagi.