Sahani Mbili za Mama Jemima

Asubuhi ile Nadège aliwapeleka wagonjwa wake wawili kwenye kituo cha afya kwa pikipiki mbili. Pikipiki moja isingetosha, maana mume wake peke yake alikuwa anajaza kiti chote.

Marcellin alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kucheka sana na kula sana. Siku hizi, akipanda ngazi tatu tu za barza ya nyumba yao pale mtaa wa Bigo, alikuwa anasimama juu kidogo, mikono kiunoni, akijifanya anatazama mawingu. Mama yake, Mama Emérance, alikuwa amefika wiki tatu nyuma kutoka milima ya Djugu, baada ya vita kumtoa kwake na kumpitisha kambi mbili. Alifika na vitenge viwili na bangili moja ya shaba. Kila akiinua mkono, bangili hiyo ilikuwa inateleza hadi kwenye kiwiko.

Muuguzi Aaron alimpandisha Marcellin kwenye mizani: kilo mia moja na nne. Akampima tansiyo, yaani presha ya damu, akapima tena kama mtu asiyeamini saa yake. Halafu akampandisha mama: kilo thelathini na tisa.

“Mama Nadège,” Aaron akasema, “prof apunguze mafuta, chumvi na sukari. Mama yeye aongeze: mafuta, mayai, karanga, vitu vyenye nguvu. Ni weye unapikia bote?”

“Ni miye.”

“Mu nyumba moja?”

“Mu nyumba moja, ku jiko moja,” Nadège akajibu, na Aaron akamtazama kwa huruma zaidi kuliko alivyowatazama wagonjwa wenyewe.

Lakini Nadège hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa fundi wa kushona, na fundi wa kushona akipewa kitambaa kifupi na mteja mnene hakimbii. Anageuza kitambaa, anatafuta njia. Akiwa juu ya pikipiki, kabla hawajafika hata sokoni, alikuwa tayari anapanga. Sufuria itakuwa moja. Kila kitu kitaanza pamoja, bila mafuta, bila chumvi nyingi. Halafu, kabla ya kuiva, atagawa: nusu ya Marcellin itabaki ilivyo, nusu ya mama itapata mawese, karanga, yai, kila kitu kizuri.

Siku ya kwanza ilikuwa sombe, kisamvu cha majani ya muhogo. Aliyatwanga majani mwenyewe, akayachemsha na vitunguu na pilipili mbichi, akagawa. Sahani ya mama iling'aa rangi ya machungwa kwa mawese, samaki akichungulia katikati. Sahani ya Marcellin ilikuwa kijani tupu. Marcellin alionja, akaweka kijiko chini polepole.

“Mama Jemima,” akasema, maana alikuwa anamwita mke wake kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “hii ni chakula ao ni dawa ya mbuzi?”

“Ni maisha yako. Kula.”

Alikula huku akipumua kwa nguvu ili wote wasikie mateso yake.

Nadège hakukata tamaa. Jemima, aliyekuwa anasoma Kisangani, alikuwa anamtumia mama yake mafundisho ya mapishi kwa simu, sauti ndefundefu, na Nadège alikuwa anazisikiliza huku mguu ukikanyaga cherehani. Alijaribu bugali wa unga wa ndizi. Ukakataa kushikamana, ukamwagika kwenye sahani kama uji wenye aibu. Alijaribu maharagi yaliyopondwa bila mafuta na tangawizi nyingi. Marcellin akakohoa hadi jirani yao Faida akauliza kutoka ng'ambo ya ua kama kuna mgonjwa. Alijaribu mandazi ya kuoka badala ya kukaanga: akaweka makala ya moto juu ya kifuniko cha sufuria, akangoja, akafunua kwa furaha. Marcellin alichukua andazi moja, akaligonga juu ya meza. Ko, ko, ko.

“Ingia,” akasema.

Hata Mama Emérance alicheka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka kwa nadra tangu afike, Nadège akayasamehe yale mandazi.

Kwa upande wa mama, mambo yalionekana mazuri. Asubuhi alipata uji wa soja na maziwa na asali. Mchana avoka, mayai, ndizi za makemba za kukaanga. Nadège hakumruhusu kugusa kitu. “Pumuzika, Mama,” alikuwa anamwambia kila akimwona anasogea jikoni, na mama alikuwa anarudi kukaa kwenye mkeka wake, mikono juu ya magoti. Na kila jioni sahani zote mbili zilikuwa zinarudi safi, kama zimeoshwa. Nadège alizitazama na moyo wake ukajaa. Mume aliyekuwa anamaliza majani bila kulalamika sasa, na mama mkwe aliyekuwa anamaliza mafuta: nani mwingine pale Bigo alikuwa ameweza hivyo?

Baada ya wiki sita walirudi kwa Aaron. Nadège alivaa kitenge chake cha sikukuu.

Marcellin akapanda mizani: kilo mia moja na sita. Mama akapanda: thelathini na tisa, na sindano ikitikisika kama inataka kushuka.

Aaron alikuna kichwa. “Mama Nadège, sijui niseme namna gani. Haukuchanganya karatasi? Yule wa kupunguza ameongeza, na yule wa kuongeza amebakia palepale.”

Njia nzima Nadège alikuwa anahesabu moyoni. Wiki sita za kupepea makala, za kupima mafuta kwa kijiko, za kusikiliza sauti za Kisangani hadi simu inazima! Alipofika nyumbani alimweleza Faida yote kupitia juu ya ua.

“Bwana yako anakula inje,” Faida akasema bila kufikiri. “Muangalie ile batu ya kuchoma nyama karibu na masomo, pale anafundisha.”

Nadège akamkabili Marcellin. Mume akaapa. Akaapa kwa Mungu, kwa masomo yake, kwa mito yote ya Kongo na matawi yake. “Sijakula kitu ya inje hata moja!” Na macho yake yalikuwa ya mtu anayesema kweli, jambo lililomchanganya Nadège zaidi.

Jumamosi iliyofuata alipika samaki wa ziwa kutoka Kasenyi. Sahani ya mama: mchuzi mzito wa mawese na karanga. Sahani ya Marcellin: samaki wa kuchemsha, mchicha wa lenga-lenga na nyanya chungu. Akawawekea kwenye barza, kama kawaida, akaenda chumbani kumalizia gauni la bibi harusi lililokuwa linangojwa. Kawaida alikuwa anashona hadi wamalize, naye anakula baadaye. Lakini siku ile alikaa kwenye cherehani na kukumbuka kwamba ameacha futi yake ya kupimia barzani, juu ya kiti. Akarudi, miguu mitupu, bila kelele.

Akaziona sahani zikiwa hewani.

Ile yenye mawese ilikuwa inasafiri kwenda kwa Marcellin. Ile ya kijani ilikuwa inasafiri kwenda kwa mama. Mikono minne, kimya kabisa, ustadi wa watu waliofanya jambo hilo mara nyingi. Hakuna hata tone lililomwagika.

“Aah!” Nadège akasema.

Sahani zikasimama. Marcellin akaishusha ya kwake taratibu juu ya magoti.

“Ulisema hukula inje!”

“Sikula inje,” akanong'ona. “Nilikula hapa.”

Nadège alijiona anataka kulia, akajiona anataka kurusha futi, na hakujua kipi kitangulie. Mama Emérance ndiye aliyeweka sahani chini na kupiga mkeka kwa kiganja, kumwita aketi.

“Mutoto yangu, usimukasirikie yeye. Ni miye nilianza.” Akaisukuma bangili yake juu ya mkono. “Siku ya kwanza alikuwa ananiangalia na ile macho. Mama gani atakula samaki na mafuta, na mutoto wake anakula majani mbele yake? Chakula ilikatala kupita ku shingo.”

“Lakini, Mama, muganga alisema…”

“Minajua alisema nini. Sasa kesho yake, weye ukienda kushona, mi nikaonja ile yake.” Akaivuta sahani ya kijani karibu. “Weye, unajua hii ni nini? Hii njo chakula ya kwetu. Lenga-lenga ya maji, nyanya chungu, pilipili. Kule mulima siye hatukukuwa na mawese, ilikuwa inatoka mbali, tulikuwa tunaipata ku Noeli. Ile mafuta yako ni muzuri, aksanti, lakini inanitapisha. Hii, nikiiweka mu mdomo, ninajiona niko mu jikoni yangu.”

Nadège alitazama sahani ile. Dawa ya mbuzi. Chakula alichokuwa anakipika kwa masikitiko, akiomba radhi moyoni kila akikipakua. Kicheko kilimshika tumboni, kikapanda, akashindwa kukizuia. Alicheka hadi akashika nguzo ya barza. Mama naye akacheka, na Marcellin, alipoona hatari imepita, akanyoosha mkono kwa siri kuelekea sahani ya mawese.

“Weye, acha!” wanawake wote wawili wakasema.

Siku ile Nadège hakurudi kwenye gauni. Alikaa mkekani na kuuliza swali ambalo, alivyojiambia baadaye, angepaswa kuuliza wiki sita nyuma.

“Mama, kule kwenu, mutoto akikonda, ao mama akitoka kuzaa, mulikuwa munamupikia nini?”

Mama Emérance akafikiri. Halafu akasimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia jikoni. Nadège alitaka kusema “pumuzika, Mama,” lakini akauma ulimi.

Mama aliomba mbegu za maboga. Hazikuwepo, Faida akazipitisha juu ya ua, pamoja na yeye mwenyewe, maana hakutaka kukosa. Mama alizikaanga kavu, bila mafuta, akizitikisa hadi zikaanza kuruka na harufu ikajaa ua. Akazitwanga, akaziingiza kwenye maharagi yaliyochemka, akaponda pamoja na viazi vitamu. Akachukua ile lenga-lenga ya kijani, akainyunyizia karanga zilizosagwa, kidogo kidogo, akionja, akiongeza, akionja tena. Jasho lilimtoka kwenye paji. Alipika kwa nusu saa na alikuwa ameonja mara kumi. Chakula kilipofika mezani, alikula sahani nzima, akaomba nyingine. Wengine walimtazama tu, wakijifanya wanatazama kitu kingine.

Tangu siku ile jiko lilikuwa na wakubwa wawili, na si kwamba walielewana siku zote. Mama alisema Nadège anakata vitunguu kama anakata kitambaa. Nadège alisema Mama anaweka pilipili kama ana kesi na mtu. Lakini shida ya Marcellin waliishika pamoja. Nadège alikuwa ameelewa jambo moja kwa kumtazama mkwewe akikaanga mbegu kavu: alichokuwa anakililia Marcellin si mafuta peke yake; ni harufu, ni kitu cha kutafuna, ni moshi. Wakachoma nyanya na vitunguu juu ya makala hadi maganda yakawa meusi, ndipo wakaviponda. Wakanunua uyoga mkavu uliotoka Mambasa, wakauloweka, na yale maji yake meusi yakawa mchuzi. Kuhusu mandazi, Mama aliyakataa kabisa yale ya kugonga meza. Aliponda ndizi zilizoiva sana, zenye maganda meusi, akachanganya na unga wa mahindi, akafunga kwenye majani ya mgomba na kupika kwa mvuke. Hakukuwa na sukari hata kijiko kimoja.

Marcellin alifungua jani la kwanza kwa mashaka. Akala. Akafungua la pili. Alipofika la tano Nadège alimwondolea sahani.

“Mama Jemima, tafadhali,” akasema, “hii ni rejimu, chakula ya kupunguza kilo!”

“Rejimu ya batu tano, weye uko mumoja.”

Miezi miwili baadaye walikwenda tena kwa Aaron. Nadège alivaa kitenge cha kawaida na kukaa karibu na mlango, ikiwa itabidi kutoka haraka. Marcellin: kilo tisini na nane. Tansiyo ilikuwa imeshuka, si sana, lakini Aaron alipima mara moja tu na kuridhika. Mama Emérance alipanda mizani mwenyewe, bila kushikwa mkono. Kilo arobaini na nne.

“Mama Nadège,” Aaron akasema, “ulifanya namna gani?”

Nadège akamwonyesha mkwewe kwa kidevu. “Muulize yeye. Miye niliuliza tu, tena kwa kuchelewa.”

Aaron akamwambia Marcellin kwamba sasa kilichobaki ni kutembea. Chakula bila mwendo ni nusu ya dawa. Kwa hiyo walirudi kwa miguu, wakapitia sokoni. Pale Mama Emérance aliona boga. Halikuwa boga la kawaida. Lilikuwa la kijivu, limekaa chini kama chifu, na muuzaji wake alikuwa mama wa kutoka upande wa kwao. Wakazungumza kwa Kilendu muda mrefu, wakicheka, wakishikana mikono, bangili ya shaba ikigonga kwenye kifundo cha mkono. Alipomaliza, boga lilikuwa lake.

“Nani atabeba?” Marcellin akauliza.

Mama na mkwewe wakamtazama.

Akalibeba, kwanza mikononi, halafu begani, halafu kichwani, akipumua, akisimama kutazama mawingu. Wanafunzi wake wawili waliokuwa wanapita wakamsalimia, “Bonjour, prof,” bila kucheka, hadi walipopita. Mbele yake wanawake wawili walikuwa wanatembea bega kwa bega, wakibishana kwa sauti kama ganda la boga lipikwe au litupwe, na hakuna hata mmoja wao aliyegeuka kumngoja.